NYUMBA ZA WAFANYAKAZI ZIKIJA MSAMVU, TUULIZE NINI?



Mtu anayeshuka kutoka Kinole au Matombo na mikungu yake ya ndizi anaijua Msamvu. Ni njia panda. Barabara moja inakwenda Dar es Salaam, ya pili Dodoma, ya tatu Iringa, na ya nne inaingia mjini Morogoro. Mabasi hayakatiki, usiku wala mchana. Leo pale kuna kituo kikubwa cha mabasi, maduka, nyumba za wageni na magereji. Mji unazidi kusogea, na mashamba yanazidi kurudi nyuma.

Mahali kama hapo habari hazikawii kuenea. Utasikia kwenye kibanda cha chai: "Wanataka kujenga nyumba za wafanyakazi kule." Nani wanataka? Hajulikani. Kule wapi? Kule kule! Basi mtu analala na wasiwasi. Mwingine anafurahi, eti atatajirika. Wa tatu anauza shamba lake haraka haraka kwa dalali, kwa bei ya kuku.

Sisi hatukuja kuwaambia kwamba mradi fulani upo au haupo. Tumekuja kueleza maswali ambayo watu hutuuliza kila habari kama hizo zinapotokea, na majibu yake kama sheria za nchi yetu zinavyosema. Ninyi mmejifunza kusoma. Katika jambo hili kusoma kuna faida ya fedha taslimu, kama mtakavyoona.

NYUMBA ZA WAFANYAKAZI NI NYUMBA GANI?

Jambo lenyewe si geni hapa kwetu. Reli ilipofika Morogoro mwaka 1907, wafanyakazi wa reli walihitaji mahali pa kulala karibu na stesheni. Mashamba ya mkonge, kama Tungi na Pangawe, yalijenga kambi za manamba. Wazee wanazikumbuka: vyumba vimepangwa mstari mmoja, mlango na mlango, jiko nje. Hizo ndizo kota. Ukifanya kazi, unakaa. Kazi ikiisha, unafunga mizigo na watoto wako. Nyumba ilikuwa kamba ya kumfunga mtu kazini.

Baada ya Uhuru mambo yalibadilika. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962. Mwaka 1974 ukaundwa Mfuko wa Nyumba za Wafanyakazi na Wakulima, na waajiri wakawa wanauchangia. Fedha zake zilikopeshwa kwa kupitia Benki ya Nyumba Tanzania. Hebu angalieni hilo jina: wafanyakazi na wakulima! Lakini benki hiyo ilifungwa mwaka 1995. Kisha, kuanzia mwaka 2002, Serikali iliuza nyumba zake nyingi kwa watumishi waliokuwa wakiishi humo. Waliokuja kuajiriwa baadaye, walimu na wauguzi na makarani, hawakuzikuta.

Ndiyo sababu mpango mwingine ukaja. Mifuko ya hifadhi ya jamii, pamoja na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya na Shirika la Nyumba la Taifa, iliunda kampuni ya Watumishi Housing. Kazi yake ni kuwajengea watumishi wa umma nyumba za kununua kwa mkopo wa muda mrefu. Kampuni hiyo imejenga hata Mkundi, katika Manispaa hii hii ya Morogoro.

Kwa hiyo mkisikia "nyumba za wafanyakazi", swali la kwanza ni hili: za aina gani? Ni kota za mwajiri? Ni za kupanga? Au ni za kununua? Haya ni mambo matatu mbalimbali, na mtu anayesimama mkutanoni akasema "nyumba" tu, bado hajasema kitu.

NI ZA NANI?

Hapa ndipo panapotaka hesabu kidogo. Chukueni kalamu.

Tuseme nyumba moja ndogo inauzwa shilingi 40,000,000. Tuseme mnunuzi analipa kidogo kidogo kwa miaka 20. Miaka 20 ni miezi 240. Ukigawanya milioni 40 kwa 240 unapata kama shilingi 166,700 kwa mwezi. Si mbaya, utasema. Lakini benki haikopeshi bure. Tuseme riba ni asilimia 13 kwa mwaka. Basi malipo ya kila mwezi yanapanda kufika karibu shilingi 468,600. Mpaka kumaliza, mtu atakuwa amelipa zaidi ya milioni 112 kwa nyumba ya milioni 40.

Hizi ni namba za mfano tu. Lakini zinaonyesha jambo. Mlinzi wa kiwanda, mhudumu wa hoteli pale stendi, au kibarua anayelipwa laki mbili au tatu hawezi kuingia katika nyumba hiyo. Ataingia mwenye mshahara mkubwa. Pengine naye hataishi humo, ataipangisha. Kwa hiyo neno "nafuu" likitajwa, ulizeni: nafuu kwa mtu wa mshahara gani? Kwa mwezi analipa ngapi? Asiye na mshahara, kwa mfano mama lishe au dereva wa bodaboda, naye anaruhusiwa? Sisi tunaona haya ni maswali ya haki kabisa, na mwenye mradi mzuri hawezi kuyakasirikia.

Wala tusiwaonee wivu wanaotafuta nyumba. Mwalimu wa mtoto wako anahitaji mahali pa kulala. Wenye nyumba wengi mjini hutaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wengine ya mwaka mzima. Mwalimu mpya ataitoa wapi?

SHAMBA LANGU LITACHUKULIWA?

Hili ndilo swali ambalo watu hulileta kwa sauti ya chini. Tutalieleza kirefu.

Kwanza fahamuni kwamba ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Sisi tuna haki ya kuitumia. Lakini haki hiyo ni mali. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Lohay Akonaay, mzee wa kutoka mkoa wa Arusha, iliamua kwamba hata ardhi inayomilikiwa kwa mila, bila hati, ni mali inayolindwa na Katiba. Haichukuliwi bila fidia ya haki. Kwa hiyo mtu akikuambia, "Wewe huna hati, huna chako," usinywee. Mwambie akaisome kesi hiyo.

Pili, ziko njia mbili za ardhi kutoka mikononi mwako, na zisichanganywe.

Njia ya kwanza ni kuuza. Mtu au kampuni anakuja, mnakubaliana bei, unauza. Hapo hakuna posho wala fidia ya kisheria. Unapata kile ulichokubali. Ukikubali milioni tatu kwa shamba la milioni kumi, imekwisha hiyo.

Njia ya pili ni Serikali kutwaa. Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967 inaruhusu ardhi itwaliwe kwa manufaa ya umma, na ujenzi wa nyumba umetajwa humo. Katika njia hii huwezi kupanga bei kama sokoni. Lakini Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema ulipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati.

Madalali wanapenda sana watu wachanganye njia hizi. Wanamwambia mkulima: "Uza sasa, Serikali ikija utapata bure." Uongo mtupu. Pengine dalali mwenyewe ndiye anayengoja fidia.

FIDIA INAHESABIWAJE?

Watu wengi hudhani fidia ni bei ya nyumba na miti basi. Sivyo. Kanuni za mwaka 2001 zimetaja vipande kadhaa. Tuchukue mfano wa mama mmoja mwenye shamba la ekari mbili, na kanyumba anakoishi humo humo.

Ardhi yake ina thamani ya milioni 10. Ndiyo, ardhi yenyewe ina bei, hata kama hujapanda kitu. Nyumba milioni 8. Miembe, mihogo na mbaazi milioni 2. Jumla milioni 20.

Kisha kuna posho ya usumbufu. Hii hupatikana kwa kuzidisha thamani hiyo kwa wastani wa riba ambayo mabenki hulipa kwa fedha zilizowekwa kwa mwaka mmoja. Tuseme ni asilimia 8. Basi anaongezewa milioni 1 na laki 6.

Kuna posho ya makazi. Nyumba kama yake ingepangishwa kwa shilingi ngapi kwa mwezi? Tuseme 50,000. Sheria inazidisha kwa miezi 36. Anapata milioni 1 na laki 8.

Kuna posho ya usafiri, yaani gharama ya kusafirisha tani 12 za mizigo umbali usiozidi kilomita 20. Tuseme laki 3.

Jumlisheni: milioni 23 na laki 7. Mtu asiyejua angepokea milioni 20 na kushukuru. Laki 37 zimepotea hivi hivi.

Kuna kipande cha tano, nacho ni fidia ya kupoteza faida, kwa mtu mwenye biashara mahali pale. Huhesabiwa kwa faida ya mwezi, mara miezi 36. Hapa watu wetu wengi huumia. Mwenye genge au mashine ya kusaga anaulizwa: faida yako ya mwezi ni ngapi? Anasema, "Napata tu ya kula." Hana daftari, hana risiti, hana hesabu iliyokaguliwa. Atapewaje? Kwa hiyo ninyi wenye vibanda, anzeni leo daftari la mapato na matumizi, hata kama hakuna mradi wowote unaokuja.

Angalizo: shamba tupu ambalo hakuna mtu anayeishi wala kulitumia halina posho ya makazi, ya usafiri wala fidia ya kupoteza faida. 

SIKU MTHAMINI ANAPOKUJA

Mthamini huja na fomu na kamera, pamoja na kiongozi wa mtaa au wa kijiji. Anapima, anahesabu miti, anakupiga picha mbele ya mali yako umeshika namba. Kisha anakuambia utie sahihi.

Mmoja wetu alishuhudia kisa cha namna hii miaka ya nyuma, mahali si mbali na Morogoro. Jua lilikuwa kali na wageni walikuwa na haraka. Baba mwenye shamba alikuwa na miembe kumi na mmoja. Karani aliandika sita. Alikuwa amehesabu ile ya upande wa njia tu. Baba yule alikuwa amehitimu kisomo, barua alisoma vizuri. Lakini aliona haya kusema, "Nisubirini nisome." Alitia sahihi. Miezi mingi baadaye fedha zilipotoka alikwenda kulalamika. Akaonyeshwa sahihi yake mwenyewe, tena nzuri, ya mwandiko wa kukoleza! Mtu aliyeweka dole gumba angeweza kusema hakusomewa. Yeye aliambiwa: "Mzee, wewe si unajua kusoma?"

Kisa hicho kinatuuma mpaka leo. Kwa hiyo tunawaambia, hesabuni wenyewe kabla mthamini hajafika. Andika katika daftari: miembe mingapi, inayozaa na isiyozaa, minazi, migomba, choo, kisima, uzio. Siku ile linganisha daftari na fomu, mstari kwa mstari. Palipo na kosa, lisahihishwe pale pale kabla hujatia sahihi. Na usiondoke bila nakala. Wakisema nakala hakuna, piga picha fomu kwa simu, au mwombe kijana wako apige.

Tena, ipo tarehe ya mwisho ya kuhesabu mali. Baada ya hapo, kinachopandwa au kujengwa hakihesabiwi. Wako wajanja ambao wakisikia mthamini anakuja hukesha wakipanda miche ya miembe, imebanana kama mchicha bustanini. Mthamini naye si mtoto. Akiona shamba la jana anajua ni la jana, na mwisho wake anaanza kutilia shaka hata miti ya jirani iliyopandwa na babu.

FEDHA ZITAKUJA LINI?

Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi sita tangu uthamini uidhinishwe na Mthamini Mkuu wa Serikali. Muda huo ukipita, lazima iongezwe riba. Na ikipita miaka miwili bila kulipwa, uthamini ule umekufa. Unafanywa upya, kwa bei mpya.

Kumbukeni sana miezi sita na miaka miwili. Taabu moja kubwa katika nchi yetu imekuwa watu kuwekewa alama ya rangi ukutani, wakaambiwa wasijenge wala wasipande, kisha wakangoja. Paa linavuja, hawalitengenezi, kwa kuwa wanaondoka. Na kuondoka hawaondoki. Mtu wa namna hiyo aandike barua kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, ataje tarehe ya uthamini, aulize sheria inatekelezwa lini. Abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Wale mnaokaa kando ya barabara kuu mna jambo lenu. Zamani hifadhi ya barabara kuu ilikuwa mita 22 na nusu kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza ikawa mita 30. Aliyekuwa kihalali ndani ya zile mita saba na nusu zilizoongezwa ana haki ya kudai fidia eneo lake linapohitajiwa. Aliyejenga ndani ya hifadhi ile ya zamani hana dai. Chukueni kamba mkapime, kabla hamjaanza kubishana na mtu.

SHAMBA NI LA UKOO, NANI ATIE SAHIHI?

Kwa Waluguru swali hili ni zito kuliko yote. Mluguru hufuata ukoo wa mama. Shamba ni la ukoo, na mjomba ndiye mwenye kauli. Lakini fomu ya uthamini ina nafasi ya jina moja. Nani aandikwe? Mume anayelilima? Mke ambaye shamba limetoka kwa mama yake? Au mjomba aliye juu mlimani?

Tumeona ndugu wa tumbo moja wakiacha kuzikana kwa ajili ya nafasi hiyo moja katika karatasi. Mume ameandikwa, fedha zimeingia benki kwa jina lake, na mke anasikia habari dukani. Au kijana wa mjini amejiandikisha, na mama zake wadogo watatu wanaolima pale kila mwaka hawakutajwa.

Sheria ya Ardhi inasema haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume. Lakini sheria haiwezi kujua mambo ya ukoo wenu kama hamkuyasema. Basi ukoo ukae mapema. Mwiteni mjomba ateremke. Andikeni muhtasari: shamba ni la nani, wanaolitumia ni nani, jina litakaloandikwa ni la nani kwa niaba ya nani, na fedha zitagawanywaje. Wote watie sahihi, na kiongozi wa mtaa au kijiji ashuhudie. Wengine wanaona aibu kuandikishana na ndugu. Aibu ya leo ni ndogo kuliko kesi ya kesho.

Na makaburi je? Iko Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969. Gharama za kufukua, kusafirisha na kuzika upya zinalipwa. Hata gharama za tambiko au ibada inayotakiwa zimo katika sheria hiyo. Waliotunga walijua huwezi kumhamisha babu kama gunia la mahindi. Lakini kaburi lisiloonyeshwa halihesabiwi. Makaburi yetu ya zamani mengi ni mawe tu na mti juu yake. Waonyesheni wakati wa kuhesabu, siyo siku tingatinga linapofika.

MAJI JE?

Nyumba mia mbili ni kama watu elfu moja. Watakunywa nini? Mji wa Morogoro unategemea sana bwawa la Mindu kwenye mto Ngerengere, na vijito vinavyotoka Uluguru. Watu wa Morogoro wanajua maana ya bomba kukauka. Ulizeni Mamlaka ya Maji imesema nini kuhusu mradi, kwa maandishi. Kama watachimba visima, visima vyenu vya jirani havitashuka?

Na maji machafu yataelekea wapi? Msamvu ni tambarare chini ya mlima. Mvua za masika zikimwagika Uluguru, maji yote yanateremka. Sasa mahali palipokuwa shamba la kunywa maji pakifunikwa kwa saruji na mabati, maji yale yatatafuta njia nyingine. Mara nyingi njia hiyo ni ua wa jirani aliye bondeni.

Kwa miradi mikubwa, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka ifanywe kwanza tathmini ya athari kwa mazingira. Wananchi wanaohusika lazima waulizwe maoni yao. Msiende mkutanoni kusema "tunaukataa" au "tunaukubali" tu. Semeni: "Masika maji hupita hapa, mpaka kwenye huu mti." Alama ya tope ukutani ni ushahidi. Mhandisi anayetoka mbali hajui hayo. Ninyi mnajua.

Kuhusu kazi za vibarua, hatuna mengi. Kazi zitakuwapo wakati wa kujenga: kubeba tofali, kupika, kulinda. Zikimalizika zimemalizika. Ahadi ya kazi isiwe bei ya shamba. Muhimu zaidi ni shule na zahanati. Watoto mia tatu wapya watakaa darasa gani? Mpango uonyeshe.

JE, TUNAWEZA KUKATAA?

Wazee wa Uluguru wana habari yao. Miaka ya 1950 wakoloni walileta mpango wa kuhifadhi udongo wa mlimani. Kusudi lake halikuwa baya, kwani udongo ulikuwa unateremka kweli. Lakini watu walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi bila kusikilizwa, hata mahali ambapo matuta yale yalifukua udongo usiozaa. Mwaka 1955 huko Matombo ghasia zikazuka. Polisi wakafyatua risasi, na mtu mmoja akafa. Mpango ukaachwa. Matuta hayakuhifadhi kitu, na udongo uliendelea kwenda zake mtoni.

Leo inategemea mahali ulipo. Kijijini, ardhi iko chini ya Halmashauri ya Kijiji, na Mkutano Mkuu wa Kijiji una sauti kubwa. Ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250, yaani karibu ekari 617, haihamishwi kwenda matumizi mengine mpaka Mkutano Mkuu uidhinishe. Ikizidi hapo, Waziri ndiye huamua, baada ya kupokea maoni ya Mkutano. Kwa hiyo ninyi wa vijiji vya Morogoro Vijijini na Mvomero, msikose mkutano siku hiyo. Na kabla hamjatoka, muhtasari usomwe kwa sauti. Yako mambo ambayo hayakusemwa mkutanoni yakaonekana ndani ya muhtasari.

Msamvu si kijiji. Ni mtaa ndani ya Manispaa, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji haifiki pale. Mkutano wa mtaa unaweza kushauri, kupinga na kuandika, lakini hauna mamlaka yale ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Tunalisema wazi ili mtu asije akadanganywa kwamba kura ya kunyoosha mikono imemaliza mambo. Nguvu ya mkazi wa Msamvu iko katika karatasi zake: daftari la mali, nakala ya fomu, muhtasari wa ukoo, barua zenye muhuri.

Kukiwa na mgogoro, Baraza la Kata hupatanisha tu. Tangu mwaka 2021 halina tena uwezo wa kutoa hukumu ya ardhi. Shauri lenyewe hupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, au mahakamani. Usiende peke yako. Wako wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na hawatozi fedha. Ulizia ofisi ya kata au ustawi wa jamii. Unapokwenda kwao, chukua karatasi zako zote. Waachie kopi. Karatasi zenyewe rudi nazo nyumbani.